Kipaza Sauti Kilipowekwa Chini

Mwaka wa kwanza tulipojaribu kufanya siku ya historia ya mtaa wetu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, tulifuata mtindo wa sherehe zote: hema, viti vya plastiki vya kukodi, jukwaa lenye kipaza sauti, meza kuu yenye kitambaa na chupa za maji. Wazee saba tuliowaalika kusimulia walipanda mmoja mmoja, wakashukuru walioandaa, wakaomba dua, wakashuka. Mmoja wao alikuwa amenieleza nyumbani kwake, kwa saa nzima, jinsi alivyoingia jahazini akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Pale jukwaani hakufikisha dakika mbili. Jioni nilimfuata nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu," akaniambia, "mlinipa kile chuma nikahutubu. Mambo ya jahazini si ya kuhutubu."

Siku hiyohiyo kulikuwa na bango la historia, refu kama ukuta wa chumba, na ndilo nililojivunia kuliko vyote kwa sababu niliandika mwenyewe. Lilianza na 1593, Wareno walipoanza kujenga ngome yao, Fort Jesus. Bibi mmoja wa mtaani, mwenye umri wa kunizaa mara mbili, alisimama mbele yake akasomewa na mjukuu wake mpaka mwisho. Kisha akaniita. "Kwani kabla ya Mreno hapa palikuwa ni msitu?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na sikuwa na jibu la kumpa.

Maneno ya watu hawa wawili ndiyo yaliyoniongoza mwaka uliofuata, na ninaandika haya kwa sababu najua mitaa mingi ya pwani inatamani kufanya jambo kama hili na huanza pale pale tulipoanzia sisi.

Nilianza na bango. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ufundi mzuri. Hapo ni zaidi ya miaka 260 kabla ya ngome. Wazee wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, nao wana simulizi zao za watawala wa mwanzo, Mwana Mkisi na Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo la mji wenyewe kwa wanaoupenda: Mvita. Wareno walipofika na meli zao waliuchoma mji mwaka 1505, wakarudi kuuchoma tena 1528. Mji unaochomwa mara mbili ni mji uliokuwapo. Nikaendelea hadi 1631, Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, alipogeuka dhidi ya Wareno waliomlea na kumbatiza, na hadi 1698, ngome ilipoanguka mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa tangu 1696. Nikaweka ukoo wa Mazrui mpaka 1837, utawala uliomalizwa na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Nusu iliyobaki ya bango nikaiacha tupu, na nikaning'iniza kalamu za wino mzito kwa uzi.

Kazi kubwa ilikuwa ni kukaa. Kwa miezi mitatu, kila baada ya swala ya alasiri, nilikuwa kwenye baraza ya mtu. Wiki za mwanzo nilikuwa nauliza vibaya. Nilikuwa nasema, "Mzee, nielezee historia ya mtaa," na Mzee ananipa yaleyale ya kwenye vitabu vya shule, kwa sababu anadhani ndiyo ninayoyataka. Kilichofungua vinywa ni picha. Nilipata picha ya zamani ya daraja la Nyali, lile la kuelea lililowekwa mwaka 1931 na kutumika hadi daraja la sasa lilipofunguliwa 1980. Nikaitoa mfukoni bila kusema neno, nikaipitisha. Hapo nilisikia mambo! Mmoja alikumbuka namna lilivyotikisika gari likipita, mwingine akamkumbuka binamu yake aliyevuka kila asubuhi na kikapu cha samaki kichwani, wa tatu akabisha kwamba picha imepigwa upande wa Nyali wala si upande wa kisiwani. Walibishana hadi adhana ya magharibi. Mimi nilikaa kimya nikiandika.

Tangu siku hiyo sikwenda kwa mtu mikono mitupu. Kwa nahodha mstaafu nilichukua gofia ya kamba, ile roda ya kupandishia tanga, kwa mama wa ushonaji nikachukua kipande cha leso, kwa yule aliyezaliwa karibu na Ngomeni nikachukua picha ya lango enzi ile ngome ilipokuwa jela. Ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho 1960, kwa hiyo wapo bado watu walioipita wakiwa watoto ikiwa na wafungwa ndani. Mzee huyo aliniambia mama yake alikuwa akimvuta mkono ili wapite hima, na kwamba mpaka leo akipita pale hatua zake huongezeka zenyewe.

Sasa tarehe. Mwaka wa kwanza tuliangalia kalenda ya ukutani tu, tukashusha wageni pwani kuona vyombo, tukakuta maji yamejaa hadi kwenye ngazi na hakuna pa kusimama. Mtu wa pwani kusahau maji ni aibu. Safari hii tulimuuliza mvuvi kwanza. Akatuambia tuchague Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa. Hapa Mombasa siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Ratiba ikajipanga yenyewe: asubuhi chombo kiko mchangani watu wanakizunguka na kukigusa, jioni chombo hichohicho kinaelea. Tuliepuka Ijumaa na mwezi wa Ramadhani, na tulitaka iwe kaskazi ingali inavuma, kwa sababu ndio upepo ulioleta majahazi ya Arabuni na Ghuba katika Bandari ya Kale tangu Desemba hadi Machi, yamesheheni tende, chumvi na mazulia, yakingoja kusi kurudi na boriti. Ukiwa umesimama upeponi, hayo hayahitaji kuelezwa sana.

Ruhusa ilitusumbua. Ofisi moja ilituambia njoo kesho kwa wiki mbili kuhusu kufunga njia. Mwishowe tukaamua njia isifungwe, jukwaa lisiwepo, hema lisiwepo. Wazee wakae kwenye baraza zao wenyewe, wageni wawafuate. Pesa zilizokuwa za hema na vipaza sauti zikaenda kwa mikeka na kwa muuza kahawa, ambaye alizunguka kutwa na dele lake akigonga vikombe. Baraza sita, kila moja ina mzee mmoja au wawili, kitu kimoja cha kushika, na kijana mmoja wa kurekodi kwa simu baada ya kuomba idhini. Wageni kumi na tano kwa wakati mmoja, wasizidi. Hilo la kumi na tano lilileta ubishi kwenye kamati, wengine wakitaka umati uonekane. Nilishikilia, na sijutii. Watu kumi na tano wanaweza kumsikia mzee anayenong'ona.

Jambo lililokaribia kutuponyoka ni la kina mama. Orodha yangu ya kwanza ya baraza sita ilikuwa wanaume watupu, na sikuona kasoro mpaka dada yangu alipoisoma. Baraza ya nje ni ya wanaume, historia ya ndani ya nyumba iko kwa wanawake, na hawatatoka kukaa njiani ili wageni wawatazame. Tukamwendea yule bibi wa bango. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, umekuja kuniuliza tena Mreno?" Tukamwomba ukumbi wake. Akakubali kwa sharti: wanawake na wasichana tu, wanaorekodi wawe mabinti, wasipige picha za nyuso. Mimi kwa hiyo sikuingia, na ninayoyasimulia hapa nimeyapata kwa dada yangu.

Bibi alifungua sanduku lake la leso. Zilipotoka, anasema, harufu ya udi ilijaa ukumbi. Ya juu kabisa ilikuwa kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, imechakaa hadi ikawa laini kama kitambaa cha mtoto. Chini yake zilikuwamo leso zenye jina, yaani yale maneno ya leso, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa zikiandikwa zamani. Wasichana waliosoma madrasa wakaanza kuzisoma moja moja, herufi kwa herufi, wakashangaa kukuta maneno ni ya Kiswahili. Kila jina lililosomwa, mama mmoja alikumbuka nani aliinunua, ilipelekwa kwa nani, na ujumbe ulikuwa wa kumpiga kijembe nani. Ndoa zilizovunjika, nyumba zilizouzwa, mwaka wa maradhi, mwaka ambao chombo hakikurudi. Halafu bibi mwingine, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akaghani beti za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa zama za Mazrui, bila kusoma popote. Alifundishwa na nyanya yake. Rekodi ya ukumbi ule ni saa tatu na dakika arobaini, ndefu kuliko za baraza zote za wanaume zikijumlishwa.

Mimi asubuhi hiyo nilikuwa pwani. Fundi alikuwa amevuta mashua yake juu ya mchanga na kuilaza ubavu, akakalafati mbele ya watu. Alisokota pamba kati ya vidole, akaichovya kwenye mafuta, akaiweka kwenye mshono wa mbao, kisha akaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo. Tok, tok, tok. Akasimama akatuambia tusikilize. Akagonga tena mahali palipokwisha kujaa, na mlio ukawa mwingine, mkavu, kama unapogonga ukuta. "Hapo pamekataa," akasema. "Mbao ikikataa, bahari nayo itakatazwa." Mtoto wa miaka tisa hivi akaomba nyundo. Fundi akampa, akamshika kiganja, wakagonga pamoja mshono mzima, watu wazima wakiwa wamesimama kimya juani. Jioni maji yalipojaa, mtoto yule alikuwa wa kwanza kupanda, akaenda moja kwa moja kwenye mshono wake kuangalia kama maji yameingia. Hayakuingia.

Kwenye milango ya kuchonga tuliweka watoto wa madrasa, wawili kila mlango, kuwaeleza wageni upi ni mfaa, upi ni mwimo, kipi ni kizingiti, na nani alikaa nyumba hiyo. Walijifunza kwa wenye nyumba wenyewe. Hilo lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mlango mmoja ambao familia mbili zilidai babu yao ndiye aliyeuagiza. Pale tulitumia kanuni tuliyokubaliana mapema: pande mbili zikitofautiana, zote mbili zinaandikwa, na hakuna anayeulizwa athibitishe mbele za watu. Wale watoto walieleza masimulizi yote mawili, moja baada ya jingine, kwa heshima ileile. Nawashauri wenye nia ya kufanya hivi waiweke kanuni hii kabla ya siku yenyewe, si siku ya ugomvi.

Na yule mzee wa jahazi? Tulimweka kwenye baraza yake karibu na Bandari ya Kale, na gofia ileile ya kamba mapajani. Niliogopa kumkaribia, nisije nikamharibia. Nilisimama upande wa pili wa njia. Alianza kwa kuizungusha gofia kidogo, isikike. Kisha akaanza na usiku wa kwanza baharini, jinsi alivyofungwa kamba kiunoni asije akatupwa na mawimbi, jinsi nahodha alivyomwamsha kumwonyesha nyota ya kushika. Kundi la kwanza la wageni lilikataa kuondoka zamu yao ilipokwisha, tukalazimika kuliunganisha na la pili. Adhuhuri alikwenda kuswali, akarudi, akaendelea alipoachia. Hakuna aliyemwambia ana dakika ngapi.

Nusu tupu ya bango ilijaa kabla ya saa tisa. Kuna walioandika majina ya waliofariki, kuna aliyechora kisima kilichofukiwa, kuna mkono wa mtoto ulioandika "1931 daraja, babu alivuka". Nimelikunja, liko chumbani kwangu, na tumeanza kuyanakili yaliyomo kwenye daftari kwa wino.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa mbili asubuhi, mlango ulibishwa. Ni yeye, mzee wa jahazi, kwapani ana kisanduku cha mbao kilichofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na dira ya shaba, kioo chake kimepata ufa.

"Jumamosi hukuniuliza habari ya dira," akasema. "Njoo, kaa."

Nikaweka chai jikoni, nikatoka nikakaa.