Tulivyohama Michigan kwenda Texas mwaka 2009, mke wangu akitangulia

Januari 2009 msimamizi wetu alituita watu kumi na wanne kwenye chumba cha chai, akafunga mlango. Ule mlango haukuwahi kufungwa tangu nianze kazi pale, kwa hiyo kabla hajafungua mdomo nilishajua. Kilikuwa kiwanda kidogo nje ya Lansing, tukiunganisha viti vya magari. Watu wakiacha kununua magari, viti vinakuwa vya kukaliwa na nani? Nilitoka na kikombe, sweta na buti zangu za kazini ndani ya boksi. Sisi Watanzania tukiwa huku Marekani huambiwa tunabeba boksi, yaani tunafanya kazi za mikono. Siku ile nililibeba kweli.

Asiyeijua Michigan anaweza kudhani waliopoteza kazi ni watu wa viwandani tu. Kinyozi wangu alifunga. Mgahawa ambao watu wa zamu ya usiku walikuwa wakila mayai alfajiri ulifunga. Kufikia katikati ya mwaka ule ukosefu wa ajira jimboni ulikuwa umepita asilimia 14. Nilipokuwa naomba kazi ya kupanga bidhaa dukani, kwenye foleni nyuma yangu alisimama mhandisi aliyekuwa akinipita mshahara mara tatu.

Nilikuwa napata hela ya ukosefu wa kazi, dola 362 kwa wiki, ambacho ndicho kilikuwa kiwango cha juu cha Michigan, na baadaye serikali kuu ikaongeza 25. Kila baada ya wiki mbili unampigia Marvin. Marvin si mtu, ni mfumo wa simu wa jimbo: sauti inakuuliza kama ulitafuta kazi, kama ulikuwa mgonjwa, nawe unajibu kwa kubonyeza namba. Kwetu alikuwa kama mjomba. Watoto walikuwa wananiuliza, "Baba, leo unaongea na Marvin?"

Mke wangu alikuwa CNA, yaani nesi msaidizi, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kazi yake haikufa, ila zamu za ziada zilikauka, kwa sababu nusu ya watu waliopunguzwa viwandani walikimbilia kusomea hiyo hiyo CNA. Dada yake, mtoto wa mama yake mkubwa, alikuwa Houston, na kila wakiongea anamwambia huko zamu anazikataa mwenyewe kwa kuchoka.

Niseme ukweli, mimi sikutaka Houston. Nilitaka Chattanooga, Tennessee. Julai 2008 Volkswagen walikuwa wametangaza kujenga kiwanda pale, nami nilijiona ni mtu wa magari. Nilikuwa hata nimeshachora njia kwenye ramani. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: kiwanda kinaanza lini? Kilikuwa kinatarajiwa kuanza kutoa magari 2011. Akasema, "Baba Neema, sisi tunakula 2009."

Iliniuma. Kwetu Korogwe mwanamume ndiye anayetangulia, akishapata chumba anawaita wengine. Kumfuata mke kikazi ni jambo ambalo sikumsimulia baba kwenye simu mpaka mwaka uliofuata, na hata hapo nililizunguka. Lakini tulikaa mezani, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi tukapiga hesabu. Lansing alikuwa akilipwa dola 12 na senti kumi kwa saa. Houston walimtajia 10 na senti 75. Kwa macho ni kushuka. Ila Texas hawana kodi ya mapato ya jimbo, wakati Michigan walikuwa wanakata asilimia 4.35, na saa za kazi zilikuwepo hata sitini kwa wiki. Pango la vyumba viwili lilikuwa karibu sawa. Kilichoamua si mshahara, ni kwamba cheti chake kinahamishika. Ujuzi wangu wa viti ulikuwa na thamani pale tu palipo na kiwanda cha magari.

Kuhamishika, lakini, si kujihamisha chenyewe. Yeyote mwenye cheti cha namna hii asianze na mabegi, aanze na karatasi. Texas wanakubali CNA wa jimbo jingine bila kurudia mtihani, mradi jina lake liko hai kwenye daftari la jimbo alikotoka na halina doa. Tukatuma fomu Februari. Ikarudi. Daftari la Michigan lilikuwa na jina la baba yake, green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ina jina langu. Kosa letu wenyewe, tulioana akiwa ameshafanya mtihani na hatukukumbuka kubadilisha. Ikabidi kutafuta cheti cha ndoa, ambacho kilikuwa Tanga kwenye sanduku la mama mkwe. Mpaka kipigwe picha, kitafsiriwe na kugongwa muhuri, wiki tano zimekwenda. Tungekuwa tumeshahama kabla ya kuligundua, hizo wiki tano tungezilia akiba.

Aliondoka mwishoni mwa Machi kwa basi, safari ya zaidi ya siku nzima, na begi moja. Akafikia kwa dada yake Alief, upande wa kusini magharibi wa Houston. Mimi nikabaki na watoto wawili mpaka shule ifungwe Juni.

Wiki kumi na moja. Kupika najua, kufua najua. Kilichonishinda ni kichwa cha Neema. Mama yake alimsuka kabla ya kuondoka, nami nikadhani itadumu mwezi. Wiki ya tatu ilikuwa kiota. Nikamkalisha sakafuni katikati ya magoti yangu, mafuta ya nazi pembeni, nikaingiza chanuo kwenye shina na kuvuta. Kelele aliyopiga ilimleta jirani mlangoni. Nikampigia mama yake, nikaweka simu kwenye spika juu ya kochi. "Anzia kwenye ncha, baba. Shika nywele kwa mkono wa kushoto karibu na kichwa, ili ukivuta usimvute yeye. Fungu dogo. Dogo zaidi." Ilituchukua jioni mbili. Niliweza mabutu manne tu, yasiyolingana, na ndiyo aliyoenda nayo shule mpaka Juni.

Jumatatu ya tarehe 1 Juni, nikiwa nafunga vyombo kwa magazeti, redio ikatangaza kwamba General Motors wameomba ulinzi wa kufilisika. Chrysler walikuwa wameshatangulia mwisho wa Aprili. Niliendelea kufunga vyombo.

Sasa suala la lori. Nilipiga simu kuulizia lori la kukodi, la kuchukua Lansing na kuliacha Houston. Zaidi ya dola 1,700, kabla ya mafuta. Kwa udadisi nikauliza bei ya kinyume, Houston kuja Lansing. Haikufika 600. Yule dada wa kwenye simu akanieleza bila kuficha: malori yanaondoka Michigan na hakuna anayeyarudisha. Baadaye, sensa ya 2010 ilipotoka, Michigan ndilo jimbo pekee kati ya hamsini lililopungua watu, na Texas ikawa imeongezeka zaidi ya milioni nne kwa miaka kumi. Mimi nilikuwa nimeshayasikia hayo kwenye bei ya lori.

Nikatazama tulivyokuwa navyo: kochi, vitanda, meza ya mitumba. Vyote pamoja havifiki 1,700. Kuviuza nako haikuwezekana, kila mtaa ulikuwa na kochi nje lenye karatasi ya "chukua bure". Nikachukua godoro moja jembamba, sufuria, mashine ya kusagia nazi, nguo na bahasha ya karatasi zetu zote, ambayo ilikaa chini ya kiti changu safari nzima. Vingine nikagawa.

Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi miwili kwa kuvunja mkataba. Nikamtafutia mpangaji, mwanafunzi wa chuo, akakubali kwa nongwa.

Tungekuwa na nyumba yetu tusingetoka. Jirani yetu Mkongo, mtu wa Bukavu, alinunua 2005. Alikuwa anadaiwa dola 118,000 kwa nyumba ambayo ya jirani, inayofanana nayo tofali kwa tofali, benki walikuwa wanaiuza kwa dola 60,000 na ushee. Akiuza anabaki na deni, akiondoka anaharibu jina lake kwenye mikopo. "Ndugu yangu," aliniambia, "nyumba imenishika mguu." Mwaka 2006 benki ilinikataa mkopo wa nyumba, nikanuna mwezi mzima. Kumbe.

Siku ya mwisho mwanangu Idi alikumbuka makopo. Michigan unalipwa senti kumi kwa kila kopo au chupa ya soda unayorudisha, na yeye alikuwa akiyakusanya barazani tangu baridi. Mifuko minne mieusi. Tulisimama mbele ya mashine dukani, kopo baada ya kopo, mikono inanata, mpaka zikatoka dola 31 na senti 40. Mafuta yalikuwa dola mbili na senti sitini na kitu kwa galoni. Makopo ya Idi yalitufikisha Indianapolis.

Kutoka hapo ni Illinois, Missouri, Arkansas, halafu Texarkana na barabara ya 59 inayoteremka katikati ya misonobari hadi Houston. Maili zaidi ya 1,200, siku mbili, tukalala hoteli ya barabarani karibu na Little Rock.

Houston ilikuwa na joto la Dar bila bahari. Paa kadhaa bado zilikuwa na maturubai ya bluu tangu kimbunga Ike cha Septemba 2008. Jambo la kwanza lililonichanganya ni umeme: Houston unachagua mwenyewe kampuni ya kukuuzia, na kama jina lako halijulikani wanataka amana kwanza. Nililipa 200 kabla ya kuwasha taa moja. Bili ya Julai, na kiyoyozi, ilikula tofauti yote ya kodi ya mapato tuliyoipigia hesabu kwenye bahasha. Hilo hatukuwa tumeliandika.

Ugali wa kwanza tulioula kwetu niliupika mimi, kwa unga mweupe wa mahindi nilioupata duka la Wameksiko. Ulinuka chokaa na kunata kama gundi. Kumbe ni unga wa masa, mahindi yake hulowekwa kwenye chokaa kabla ya kusagwa. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipeleka mtaa wa Hillcroft kwa Wahindi.

Karatasi nilizifuata kwa zamu. Fomu ya AR-11 ya uhamiaji, ya kutaarifu anwani mpya, ndani ya siku kumi, hiyo usichezee kama una green card. Gari kusajiliwa ndani ya siku thelathini, na wakati ule lilibidi likaguliwe kwanza. Kisha leseni ya udereva. Bima ya afya ya watoto ya Michigan haivuki mpaka, tuliomba upya kama wageni, na kwa miezi miwili nilikuwa nikimwona Idi juu ya mti naita kwa ukali. Marvin niliendelea kumpigia kutoka Houston. Hela ya ukosefu wa kazi hulipwa na jimbo ulikofanya kazi hata ukihama, mradi bado unatafuta.

Nilitafuta mpaka Novemba. Kazi niliyoipata ni ya kuendesha basi la shule, baada ya kusomea leseni ya magari makubwa asubuhi na kumpokea Neema mchana. Mke wangu ndiye aliyetulisha miezi yote hiyo, na nywele za Neema nilibaki nazo mimi.

Mwaka 2011 yule jirani wa Bukavu akanipigia. Nyumba ilikuwa imeshachukuliwa. "Nasikia Texas kazi iko," akasema. Nikamuuliza mkewe anafanya nini siku hizi. Akasema amesoma, naye ni CNA, cheti amekitundika ukutani sebuleni. Nikamwambia akitoe ukutani anisomee jina lililoandikwa pale, herufi kwa herufi.