Huyu malkia hana kwao?

Wiki hii nimesoma maoni ya watu kuhusu House of the Dragon mpaka macho yameuma, na bado sijamwona hata mmoja aliyeuliza alichouliza mama mkwe wangu. Basi niandike mwenyewe.

Kwa ambao hawafuatilii: ni tamthilia ya HBO, ile chaneli ya kulipia ya Marekani, na inasimulia ukoo wa Targaryen miaka 172 kabla ya kuzaliwa yule Daenerys wa Game of Thrones, tamthilia yao ya zamani. Sehemu ya kwanza ilitoka Jumapili tarehe 21 Agosti 2022 usiku kwa saa za kwao. HBO wenyewe wametangaza kwamba watu karibu milioni 10 waliitazama usiku huohuo, na kwamba hawajawahi kuanza tamthilia mpya kwa idadi hiyo. Game of Thrones ilianza mwaka 2011 na watu milioni 2.2. Ijumaa yake, tarehe 26, wakatoa habari kwamba msimu wa pili utakuwepo. Sasa kumbuka kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja walitia saini mtandaoni wakitaka msimu wa mwisho wa ile ya zamani utengenezwe upya. Walinuna, wakaapa hawarudi tena. Wamerudi wote. Mimi kusaini sikusaini, lakini kununa nilinuna, na nimerudi nao.

Wenye kifurushi kikubwa cha DStv waliiona kupitia M-Net saa kumi alfajiri ya Jumatatu, sambamba na Wamarekani. Sisi wengine tuna vijana wa flashi. Jumanne tarehe 23 Tanzania nzima ilikuwa mapumziko kwa ajili ya sensa, hakuna kwenda popote mpaka karani apite, na mpwa wangu akaja na flashi yake hapa Ngamiani, Tanga, asubuhi na mapema. Sebuleni tulikuwa mimi, wifi yangu, mpwa, na mama mkwe ambaye kwa kawaida hana habari na TV isipokuwa taarifa ya habari na tamthilia za Kituruki. Rimoti aliishika mpwa, na aliishika kwa kazi maalumu: kila Daemon, mdogo wake mfalme, alipokaribia danguro, kijana alisogeza mbele mbio kabla bibi yake hajainua macho kwenye mchele aliokuwa akipeta. Mara moja alichelewa. Bibi akasema "astaghfirullah" bila kuacha kupeta, tukaendelea.

Mengine yaliyozua zogo mtandaoni nayapita haraka. Mawigi meupe: wifi yangu ni msusi, na kwa maoni yake ya kitaalamu mfalme kabandikwa nywele na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Rasta nyeupe za Corlys Velaryon alizipenda sana, akapiga picha ya skrini kabisa. Huyo Corlys anaigizwa na Steve Toussaint, Mwingereza mweusi, na tangu alipotangazwa kuna watu walimtukana kwa sababu ya rangi yake. Mwenyewe alijibu vizuri, kwamba hao watu wameweza kukubali majoka yanayopaa, nywele nyeupe na macho ya zambarau, ila mtu mweusi tajiri ndiyo wameshindwa kumkubali. Sina la kuongeza hapo.

Kilichonifanya nifungue kompyuta ni ile leba.

Ambaye hajaangalia na anapanga kuangalia, aishie hapa. Malkia Aemma ana mimba ya kutimia. Mimba nyingine zilizotangulia ziliharibika, au watoto walizaliwa wafu, au walifia uchangani. Aliyebaki ni mmoja tu, binti, Rhaenyra. Mfalme Viserys anataka mtoto wa kiume, na ana hakika huyu ni wa kiume kwa sababu ameota. Kaandaa mashindano ya mashujaa kumsherehekea mtoto ambaye hajazaliwa bado. Huku wanaume wakiangushana farasini na kupondana vichwa, juu huko chumbani malkia yuko kwenye uchungu na mtoto ametanguliza matako. Tabibu mkuu anamwita mfalme pembeni, anamweleza kwamba wamejaribu kumgeuza mtoto imeshindikana, kwamba yapo mazingira ambapo baba analazimika kuchagua, na kwamba iko njia ya kulipasua tumbo la uzazi na kumtoa mtoto, ila mama kwa damu atakayomwaga hatapona. Mfalme anaitikia. Anarudi kitandani, anamshika mkewe mkono, anamwambia watamtoa mtoto sasa. Basi. Wanawake waliomzunguka wanavuta mito, wanamlaza chali, wanambana miguu na mikono. Yeye anauliza kuna nini. Anaogopa. Kisu kinaingia.

Wifi alijifunika uso kwa mtandio. Mpwa, mshika rimoti, hii hakuisogeza mbele. Alipigwa na butwaa akabaki ameielekeza rimoti dirishani. Mimi kazi yangu ni ukunga, na aibu sina: nilikuwa nimesimama naigombeza TV. Mapigo ya moyo wa mtoto yako ngapi? Mbona hakuna hata mmoja anayetega sikio tumboni? Njia imefunguka kiasi gani? Mtoto wa kutanguliza matako si lazima ashindikane. Kuna wanaotoka kwa njia ya kawaida, mama akipiga magoti na mkunga akiizuia mikono yake isivute, maana kwa matako mkono wenye pupa ndio unaoharibu. Wale wamemlaza chali tangu mwanzo kama maiti anayesubiri sanda, halafu wanashangaa mtoto hashuki.

Nilipoingia mtandaoni jioni nikakuta ugomvi ni mmoja tu: damu. Je, imezidi? Je, ilikuwa lazima waonyeshe? Kuna wanawake waliosema walizima hapohapo, hasa waliowahi kupoteza mtoto, na kwa hao naungana kabisa kwamba wangestahili kuonywa mapema. Wamarekani wengi wakaiona kama siasa, kwa kuwa mahakama yao kuu ilikuwa imetoka kuifuta haki ya utoaji mimba ya mwaka 1973, tarehe 24 Juni, miezi miwili tu kabla. Kazi ya kupiga picha ilianza mwaka 2021, kwa hiyo hawakuwa wakijibu hukumu, lakini mtazamaji haangalii tarehe ya kamera, anaangalia na yaliyomo moyoni mwake. Mwongozaji wa sehemu hiyo, Miguel Sapochnik, ameeleza kwamba waliwaonyesha wanawake wengi kadiri walivyoweza wakiwauliza kama imezidi ukatili, nao wakasema hapana.

Na mimi nasema hapana. Damu ile ni ya kawaida kwa mtu aliyewahi kumhudumia mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Kuna usiku nimerudi nyumbani na viatu vinanata. Kilichonichoma ni yale mazungumzo ya pembeni. Watu wawili wanazungumza kwa sauti ya chini kuhusu tumbo la mtu wa tatu aliye hatua chache kutoka walipo, macho makavu, akili timamu, anayeweza kusikia na kujibu. Hakuna aliyerudi akamwambia, "Mama, mtoto amekaa vibaya, tumefikia hapa, unasemaje?" Pengine angekubali. Mwanamke huyo mapema kidogo alikuwa amemwambia binti yake kwamba kitanda cha uzazi ndio uwanja wao wa vita. Askari anayesema hivyo angeweza kuulizwa kama yuko tayari kufa. Hakuulizwa. Watu wanagombana kuhusu kisu, na mimi naona mauaji yalishafanyika mlangoni.

Nasema hivi kwa sababu mlango huo naujua. Daktari anaamua mama apasuliwe, na kabla hajamaliza sentensi mtu keshatoa simu, "ngoja tumpigie baba yake mtoto." Mume hapatikani. Mama mkwe anasema kwao hawapasuliwi. Shemeji anauliza ni shilingi ngapi. Na mwenye tumbo yuko pale anang'ata kanga. Fomu ya ridhaa mtu mzima mwenye akili zake anasaini mwenyewe, na mimi nina tabia yangu: nainama mpaka niko usawa wa macho yake, namweleza yeye kwanza, kalamu nampa yeye, ndipo nageukia jamaa. Kuna wifi na mashemeji wameshanichukia kwa hilo. Wacha wanichukie.

Sasa mama mkwe wangu. Alikuwa ameacha kupeta. Aliitazama ile picha mpaka mwisho bila kufumba, na wote tulipokuwa tunapumua ndipo akauliza, kama anayeuliza njia ya sokoni: "Huyu malkia hana kwao?"

Tukamwangalia.

"Hana mama? Hana shangazi? Somo wake yuko wapi? Mwanamke wa mimba zote hizo, kila moja balaa, anaachwa azalie kwa mume na mganga wa mume?"

Kwa mwanamke wa pwani wa rika lake hilo ndilo swali la kwanza. Yeye mwenyewe uzazi wake wa mwanzo alirudi kwao, akakaa mpaka arobaini, na mlangoni pa chumba alikaa mama yake mzazi; mwanamume aliyetaka kuamua chochote angempita kwanza bibi huyo, na kwa nilivyosimuliwa hakukuwa na mwanamume wa kumpita. Wale wanawake waliojaa chumbani kwa Aemma hawakuwa wake hata mmoja. Walikuwa wa ikulu. Ndiyo maana walipoambiwa mbaneni, walimbana.

Swali lake linauma zaidi ukisoma kitabu. Nina Fire & Blood ya George R. R. Martin, ya mwaka 2018, ambayo ndiyo chimbuko la tamthilia. Humo kifo cha Aemma kinapita kwa maneno machache: alikufa akijifungua, mtoto naye akafa siku iliyofuata. Upasuaji wote ule na mazungumzo ya mlangoni ni nyongeza ya waandishi wa TV. Lakini kitabu kinasema jambo lingine ambalo TV haikuligusa: mama yake Aemma, Daella, naye alikufa kwa homa ya uzazi baada ya kumzaa huyu Aemma. Nikamwambia mama mkwe. "Ahaa," akasema, akarudi kwenye mchele wake. Kwake kesi ilikuwa imefungwa.

Kwenye kundi letu la wakunga mjadala ulikwenda kwingine. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba tusiwalaumu, zamani kumpasua mama ni kumuua, ni Wazungu tu waliokuja kutuokoa na hilo. Nikamkumbusha habari ya Bunyoro, hapa jirani Uganda. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa uzazi mahali paitwapo Kahura, akauandika kwenye jarida la kitabibu la Edinburgh mwaka 1884. Mganga wa kienyeji alimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kulisafisha tumbo nayo, akapasua, akazima damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa vijiti vya chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Mama akapona, mtoto akaishi. Felkin alivyoona mikono ile ilivyotulia aliamini kazi hiyo ilikuwa imezoeleka kwao. Kunawa mikono kwa pombe, wakati Ulaya kwenyewe kuna madaktari waliokuwa bado wanabishana kama kuna haja! Mwenzangu akatuma kikaragosi cha kuduwaa, mazungumzo yakahamia kwenye posho za zamu.

Karani wa sensa alifika wakati Rhaenyra anaamuru joka liwachome mama yake na kichanga. Tukasimamisha picha hapohapo. Dada wa watu akaketi na kishikwambi chake, maswali yakaanza: nani alilala hapa, nani kazaa, na mwishoni likaja lile la kama kuna mwanamke wa nyumba hii aliyefariki katika miezi 12 iliyopita, na kama alikuwa mjamzito au kwenye uzazi. "Hapana, alhamdulillahi," mama mkwe akajibu, "ila huyo hapo," akaonyesha kioo. Karani aligeuka, akaona moto umeganda kwenye skrini, akauliza ndiyo ile mpya? Yeye alikuwa hajaiona, na alikuwa na kaya nyingi mbele yake.

Sehemu ya pili tumeiangalia. Muziki wa mwanzo ni uleule wa zamani wa Ramin Djawadi, wengine wakashangilia, wengine wakaona uvivu. Mfalme kamaliza kuomboleza, kaletewa kitoto cha miaka 12 wakatembea bustanini kuzungumzia ndoa, mwishowe kamchagua Alicent, rafiki wa bintiye. Mama mkwe hakukaa nasi. Alisema akiwa na hamu ya kuona mzee anaoa mtoto anaweza kutembelea ukoo wa upande wa pili. Wifi naye kaniomba kabla ya ya tatu nimwambie kama kuna mwingine atakayezaa, atoke nje mapema. Nimemwambia kitabu nimekifikisha nusu, na kwa nilipofika wajawazito ni wengi kuliko majoka, kwa hiyo asogeze kabisa kiti chake karibu na mlango.