Siku moja maishani mwangu: mweka hazina wa halmashauri, mwisho wa Juni

Saa 1 na nusu asubuhi niko mezani. Naanza na makusanyo ya jana: ushuru wa mazao, leseni, stendi. Watendaji wawili hawajapeleka fedha benki; nawapigia, wanaahidi. Saa 3 kikao cha menejimenti. Mkurugenzi anauliza kama asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Imetengwa. Tunatawanyika.

Saa 4 anaingia mzabuni wa madawati na faili lake. Anasalimia, anakaa, kimya. Na mimi kimya.

"Dada, mweka hazina anarudi saa ngapi?"

"Ndiye mimi, kaka."

Akacheka, akidhani namtania. Mama Zakia Meghji alikuwa Waziri wa Fedha tangu 2006, Saada Mkuya akaja 2014, na Rais wa nchi ni mwanamke. Lakini mlangoni kwangu bado anatafutwa mwanaume.

Nikafungua faili. Taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi haijasainiwa. "We lipa tu, watasaini kesho." Nikamweleza kwamba bila saini hiyo, hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, itakuja na jina langu, si lake. Akasema ningekuwa na roho ya kusaidia ningetoa hata kwenye kifungu kingine, kwani fedha si zimejaa humu? Watu wanadhani nina droo ya noti! Kila shilingi ina kasma yake. Ya dawa hainunui dawati, na malipo yanapita kwenye MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, hadi akaunti ya anayelipwa. Hakuelewa, au hakutaka. Akampigia diwani. Diwani akanipigia: "Mama, msaidie mwenzetu." Nikamwambia mheshimiwa awahimize wajumbe wa kamati wasaini, huo ndio msaada. Mzabuni akaondoka amenuna, saa 6 imeshapita.

Mchana sikula. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila halmashauri imo kwenye mfumo, na mfumo unazunguka tu. Mhasibu anaandaa, mkaguzi wa awali anarudisha, naidhinisha, naanza tena. Giza lilipoingia sikujua. Mgongo unauma, lakini hati nilizoidhinisha naweza kuzitetea mbele ya mkaguzi yeyote.

Kamati ilisaini jioni. Malipo ya madawati nikayaidhinisha pamoja na mengine, kwa zamu yake. Sijafika nyumbani, simu ikaita: "Dada, mbona hela haijaingia?"

Nikamwambia aulize benki.