Tarehe 10 Mei, Kibirizi hadi Gombe: siku moja ya kazi yangu na kumbukumbu ya makomando wawili

Saa 10:30 alfajiri

Mwezi Mei huku Kigoma mvua inakuwa inaaga na upepo wa kusini unaanza kulichafua ziwa kila jua linapopanda, kwa hiyo mwongoza watalii anayetaka kuwafikisha wageni kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe wakiwa wakavu hana budi kuwa macho kabla ya adhana. Nimekunywa chai ya rangi na kiporo cha mihogo, nimekagua betri za redio ya mawasiliano, kisha nimefungua shajara yangu ya kazi, ambamo tarehe ya leo imepigiwa mstari.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei mwaka 2019, askari wawili wa kikosi maalumu cha Jeshi la Majini la Ufaransa, Cédric de Pierrepont na Alain Bertoncello, waliuawa kaskazini mwa Burkina Faso wakiokoa mateka kutoka mikononi mwa magaidi. Mimi sijawahi kuvaa gwanda wala kufika Burkina Faso. Lakini wawili kati ya mateka wale walikuwa watalii, walitekwa hifadhini wakiwa na mwongozaji wao, na mwongozaji huyo ndiye aliyetangulia kufa. Kwa mtu wa kazi yangu habari hiyo haiwezi kuwa ya mbali.

Saa 12:00 asubuhi

Kibirizi, mwalo wetu wa hapa Kigoma, imeshaamka zamani. Mitumbwi iliyovua usiku inashusha dagaa, kina mama wanawamwaga juu ya chanja na kuwatandaza kwa viganja, na wachuuzi wanabishana bei kabla hata samaki hawajakauka. Wageni wangu wa leo ni mume na mke kutoka Ufaransa, watu wa makamo, wapole, wenye viatu vizuri vya kupandia milima. Nawasalimu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, ambacho sisi wa mpakani tunakipata kwa majirani wa Burundi na Kongo, nao wanafurahi kupita kiasi.

Nimeamua sitawagusia tarehe ya leo. Mtu aliyelipa nauli ya kuvuka bara zima ili aone sokwe hapaswi kukumbushwa misiba ya kwao na mwenyeji wake saa 12 asubuhi, labda aianze mwenyewe. Nahodha anawavisha maboya na kuyakaza mikanda, kijana wetu wa mafunzo anapakia maji ya kunywa na vyakula, tunasukuma boti.

Saa 1:15 asubuhi

Mashine ikishanguruma wageni hukaa mbele wakipiga picha, na sisi wa nyuma tunaweza kuzungumza bila kusikika. Kijana amekwishauona ule mstari kwenye shajara.

“Kaka, hawa de Pierrepont na Bertoncello ni wageni wetu wa lini?”

Nikamweleza, nikianzia mbali kidogo, kwa sababu habari hii ikianzwa kwa wanajeshi inakosa kichwa. Tarehe 1 Mei 2019, watalii wawili Wafaransa walikuwa Pendjari, hifadhi iliyo kaskazini mwa Benin, mpakani mwa Burkina Faso, moja ya maeneo machache ya Afrika Magharibi ambako bado simba na tembo wapo kwa wingi unaostahili safari. Aliyewaongoza alikuwa Mbenini, Fiacre Gbédji. Hawakurudi. Siku chache baadaye mwili wake ulipatikana hifadhini, na gari lao likaonekana limeteketezwa ng'ambo ya pili, Burkina Faso. Watekaji walikuwa wakiwasogeza mateka kaskazini kuelekea Mali, na wakuu wa jeshi la Ufaransa walikuwa na hofu moja kubwa: kwamba wakishakabidhiwa kwa Katiba Macina, kundi la wapiganaji wa jihadi huko Mali, kuwapata tena kungekuwa karibu na muhali. Ndipo likatumwa kundi la makomando, wakiwamo wa Commando Hubert, kikosi cha wazamiaji wa kivita ambacho makao yake ni Saint-Mandrier, karibu na Toulon.

“Wazamiaji wanafanya nini jangwani?” akauliza kijana. Swali zuri. Nilimjibu kwamba askari wa namna hiyo hufundishwa kwanza kukaribia adui bila kusikika, na maji ni moja tu ya njia za kukaribia.

Saa 2:45 asubuhi

Tumeteremka Kasekela, kituo cha kupokelea wageni hapa Gombe. Usajili, malipo, maelezo ya askari wa hifadhi, barakoa kwa kila mmoja: yote yamekwenda haraka.

Kilichochukua muda ni swali la yule mama, aliyesoma mahali fulani kwamba hata Gombe iliwahi kutekwa watu, akataka kujua kama ni kweli. Ni kweli, na sioni sababu ya kuificha. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wapatao 40 walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire (Kongo ya sasa), wakashuka kwenye ufuko huu huu tunaofungulia mabegi, wakawachukua vijana wanne waliokuwa wakifanya utafiti kwa Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Walikuwa wapiganaji wa Laurent Kabila, yule ambaye mwaka 1997 alikuja kuwa Rais wa Kongo. Yalifuata mazungumzo marefu na fedha zikatolewa, na kabla mwaka haujaisha wote wanne walikuwa hai na huru. Watafiti wa kigeni waliondolewa hapa kwa muda mrefu, na wenyeji wa vijiji vya jirani ndio walioendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika kumbukumbu, hata kazi iliyoanza mwaka 1960 ikaendelea. Katika simulizi za tukio lile majina ya wanafunzi hupatikana kirahisi; ya wafanyakazi wa hapa walioamshwa usiku kwa mitutu ya bunduki uyatafute.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama leo kuna ulinzi. Nikamwonyesha askari aliyekuwa ameketi mita chache kutoka kwetu, bunduki yake magotini.

Saa 4:20 asubuhi

Tumewapata kwenye bonde la Kakombe, juu kidogo ya njia ya maporomoko. Jike mmoja ana mtoto mgongoni, dume mmoja amelala chali akijikuna kwapa. Sheria inataka mita 10 kati ya mgeni na sokwe, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua, na muda wa kuwatazama ni saa moja. Mimi ndiye mwenye kuzilinda hizo mita.

Anayezisikia tu huziona nyingi. Kwa mita 10 naona kope za jike zikipepesa, naona kovu kwenye sikio la kushoto la dume, nasikia meno yakivunja kokwa ya tunda. Mgeni akikohoa, wote wanageuka. Nimesimama pale nimenyoosha mkono kumzuia yule bwana asisogee, na mawazo yakaniponyoka. Jenerali François Lecointre, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Ufaransa, alieleza hadharani kwamba makomando walitambaa gizani eneo la wazi la kama mita 200, wakampita mlinzi wa zamu bila kuonekana, wakafika takriban mita 10 kutoka kwenye vibanda, na hapo ndipo watekaji walipoisikia sauti yao na kuanza kushika silaha.

Ilibaki hatua kama za kutoka nilipo hadi kwa yule jike, na mle vibandani hawakujua ni nani aliyelala upande gani. Wangeweza kumimina risasi ukutani. Hawakufanya hivyo. Waliingia bila kufyatua, ili wasije wakamuua waliyekuja kumchukua, na wawili wao wakapigwa risasi kwa karibu kabisa.

Dume ameinuka, ameondoka. Nimewaambia wageni muda umekwisha.

Saa 7:10 mchana

Chakula tunakula ndani ya kizimba cha nyavu, kwa sababu nyani wa ufukweni hapa hawana adabu hata chembe. Wageni wameogelea, wamekula migebuka ya kuchoma, na sasa wanasinzia. Kijana ameileta sahani yake karibu yangu. Alikuwa hajamalizana nami.

Nilimwambia kilichobaki. Watekaji wanne waliuawa, wawili wakatoroka. Makomando walipoingia kuwatoa Wafaransa wawili, wakakuta na wanawake wawili ambao hakuna aliyetarajia kuwakuta, Mmarekani mmoja na Mkorea Kusini mmoja, waliokuwa wameshikiliwa siku 28. Hapo huwa nasimama kila ninapoisimulia, maana hawa wawili walikombolewa na watu ambao hawakuwa wakiwatafuta, na kama wale askari wangefyatua risasi ovyo kwa hesabu kwamba mle ndani wamo mateka wawili tu, pengine wangewaua bila kujua kwamba wapo. De Pierrepont alijiunga na Jeshi la Majini mwaka 2004 na alikuwa kiongozi wa kundi lake. Bertoncello alijiunga mwaka 2011 na alikuwa amefika Sahel, ukanda ulio kusini mwa Sahara, mwisho wa Machi 2019, hajamaliza hata miezi miwili. Tarehe 14 Mei majeneza yao yalipitishwa mjini Paris, watu wamejipanga kwenye daraja la Alexandre III, na kwenye ua wa Les Invalides Rais Emmanuel Macron akawatunuku nishani ya Légion d'honneur.

“Na Wafaransa wenyewe waliwapokeaje wale watalii?”

Kwa mchanganyiko. Rais aliwapokea uwanja wa ndege wa kijeshi wa Villacoublay, lakini ulizuka ubishi mkali kuhusu walifuata nini mahali ambapo serikali yao ilikuwa imetahadharisha, na Waziri wa Mambo ya Nje, Jean-Yves Le Drian, aliwakumbusha wasafiri waziwazi kuheshimu tahadhari hizo. Mimi nina maoni yangu. Mgeni hupanga safari akiwa na ramani, na mwongozaji huishi ndani ya ramani hiyo hiyo. Ikipakwa rangi nyekundu, mgeni ataenda kutalii kwingine, na mwongozaji atakosa ada ya shule ya watoto. Kwa hiyo lawama za kuwapiga watalii peke yao haziniingii akilini. Hata askari wa hifadhi za kule wameendelea kulipa gharama: Februari 2022 kadhaa waliuawa kwa mabomu ya kutegwa kwenye hifadhi iitwayo W, upande wa Benin.

Saa 9:30 alasiri

Kurudi kumekuwa kwa mawimbi. Yule bwana ametapika, nahodha ametabasamu kwa heshima, tumefika salama.

Saa 11:15 jioni

Jioni tulikuwa na kikao cha waongoza watalii na manahodha, katika chumba cha darasa tulichoazimwa. Ajenda ilikuwa msimu unaokuja, bei ya mafuta ya boti, na mwisho kabisa usalama wa wageni. Hapo niliomba nafasi, nikawaeleza kwa kifupi leo ni siku gani.

Mwenzangu mmoja, mkongwe kuliko mimi, hakukubaliana. “Ndugu yangu,” akasema, “hao ni askari, wameapa na wanalipwa. Kwao kumepigwa mizinga na bendera zimeshushwa. Sisi huku tunawakumbuka wa nini, wakati wetu hatuwakumbuki?” Akataja askari 14 wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliouawa tarehe 7 Desemba 2017 kule Semuliki, Kivu Kaskazini, waliposhambuliwa kambini na waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Chumba kikatulia, maana Kongo si mbali na hapa. Ukisimama ufukweni asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima yake.

Nilimjibu kwamba ana haki kuhusu wa Semuliki, na kwamba timu yetu hapa mjini inaitwa Mashujaa kwa kuwa ni ya jeshi hilo hilo, lakini wengi wanaoishangilia pale uwanja wa Lake Tanganyika hawawezi kukutajia shujaa hata mmoja kwa jina. Kuhusu kiapo na mshahara, hapo nilimpinga. Mshahara unamfikisha askari mlangoni. Kuingia bila kufyatua, ukijua kwamba aliye ndani atafyatua, hakumo kwenye mkataba wa mtu yeyote. Nikaongeza kwamba siwaleti de Pierrepont na Bertoncello peke yao. Nawaleta pamoja na Gbédji, kwa sababu mkasa ni mmoja na waliofia wageni walikuwa watatu, mmoja akiwa hana silaha, hana kikosi nyuma yake, na bila shaka akiwa anaijua vizuri njia ya kurudi nyumbani.

Mkongwe hakusema amekubali. Alisema tu, “Basi tuandike jambo la kufanya, tusiishie kwenye hotuba.”

Tulichoandika ni hiki. Kila boti inayoondoka Kibirizi kwenda Gombe au kusini kwenye hifadhi ya Mahale itaacha nchi kavu karatasi yenye majina ya wote waliomo, saa ya kuondoka, saa inayotarajiwa kurudi, na mtu wa kupigiwa simu. Wageni tulikuwa tukiwaandika siku zote, pamoja na namba za pasipoti. Kijana wa mafunzo ndiye aliyenyoosha mkono na kuuliza ni wapi panapoandikwa jina la mwongozaji, la nahodha na la mpishi, na simu za wake zao. Hapakuwepo.

Saa 2:00 usiku

Fomu nimeichora upya kwa rula, safu tatu za wafanyakazi zikiwa juu na za wageni chini yake. Mkongwe amenipigia simu kusema wageni wanapaswa kutangulia kwa heshima, na nahodha, niliyemuuliza baadaye, anasema mpangilio haujalishi mradi namba za simu ziwe sahihi. Nimeiacha kama ilivyo. Kesho asubuhi itapigwa nakala, na boti ya kwanza kuitumia ni yetu.