Siku Tatu Katika Vilima vya Mikarafuu

Nimezaliwa na kukulia mjini Unguja, na kwa miaka mingi karafuu kwangu ilikuwa kitu cha mtungini: punje chache za kutia kwenye pilau, na moja ya kubana jinoni maumivu yakizidi. Septemba iliyopita ami yangu, ambaye ana shamba la eka tatu upande wa kusini wa Pemba, aliniita nikashuhudie uchumaji, nami nikapanda boti Malindi na kuteremka Mkoani.

Pemba haina mlima wa kutajika, lakini anayetoka Unguja, kwenye ardhi iliyolala, huona ameingia katika nchi nyingine kabisa. Barabara ya kwenda Chake Chake hupanda na kushuka bila kupumzika, mabondeni kuna mpunga, na juu ya kila kilima imesimama mikarafuu, mirefu na yenye majani ya kung'aa, imebanana hata jua linafika chini vipande vipande. Wanamaji wa Kiarabu waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na sikuona kuwa walitia chumvi.

Uzuri huo, hata hivyo, una historia nzito. Mkarafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, na ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenezwa katika enzi ya Sultani Seyyid Said kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika usukani, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar hutoka huko. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi yaligaiwa eka tatu tatu. Nilipokuwa nikitembea chini ya miti ile mikongwe niliwakumbuka walioipanda, ambao hawakupata hata punje moja ya kuita yao.

Asubuhi ya pili tuliingia shambani mapema. Ami alikonyoa kishada, akakiweka kiganjani mwangu na kunionyesha: kichwa cha duara kilichofumba, meno manne madogo yakikishika, na shina lililoanza kugeuka kutoka kijani kuwa jekundu.

"Hii ndiyo saa yake, mwanangu," alisema. "Ikichanua, imekwisha thamani."

Wachumaji walikuwa wameshapanda, wakivuta matawi kwa upembo, fimbo yenye ncha iliyopinda, na kuyashika kwa upole, kwa kuwa tawi la mkarafuu hukatika upesi, na tawi lililokatika leo halitazaa msimu ujao. Mtu huanguka pia. Nilipomwona kijana mmoja amesimama kwenye tawi jembamba, juu kuliko paa la nyumba, pakacha likining'inia kando yake, nilikosa la kusema.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni usiku. Baada ya sala ya Isha jamvi lilitandikwa barazani, vishada vikamwagwa katikati, na jamaa wote, pamoja na majirani, wakaketi kuchambua. Mke wa ami alishika kishada kwa mkono mmoja, akakisugua juu ya kiganja cha mkono wa pili kwa kukizungusha kidogo, na karafuu zikadondoka upande mmoja, makonyo, yaani vijiti vitupu vya kishada, yakabaki upande mwingine. Nilijaribu, nikawa nang'oa moja moja. "Usiinyofoe, isukume," alinielekeza, na baada ya saa nzima ndipo kiganja changu kilipoanza kuelewa. Mazungumzo hayakukoma, watoto walilala palepale ubavuni mwa rundo la karafuu, na harufu ilikuwa kali hata macho yakawasha.

Karafuu huanikwa juani siku nne au tano, na zinapokauka hubaki takriban theluthi ya uzito wake. Zikirundikwa mbichi huchacha na kupauka, ndiyo maana wingu likitanda mtu huacha chakula chake na kukimbilia jamvi.

Makonyo nayo hayatupwi. Siku ya tatu nilikwenda Wawi, jirani na Chake Chake, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo. Mvuke hupitishwa ndani ya pipa kubwa lililojaa makonyo, ukayabeba mafuta, kisha ukapozwa ndani ya mabomba na kurudi kuwa maji. Nilidhani mafuta yangeelea, kama yanavyofanya mafuta yote ninayoyajua. Kumbe ya karafuu ni mazito kuliko maji, nayo huzama. Nilibaki nimeinama nikiyatazama yakikusanyika chini, ya rangi ya manjano, huku mikono yangu ingali inanukia baraza ya ami.