Nilivyosoma miongozo ya wenzetu kabla ya kuandika wa kwangu

Kuna ushauri mmoja watu wanapeana sana: chukua Material Design, mwongozo wa Google wa mwonekano wa tovuti na programu, kama ilivyo, badilisha rangi, umemaliza. Mimi ulinila karibu mwezi mzima na bado naona vijana wanaambiwa hivyo hivyo, ndo maana naandika.

Kazi ilikuwa websaiti ya saccos moja. Wanachama wengi wanaingia kwa simu ndogo, wengine wako sokoni juani. Kila dizaina aliyepita pale aliacha batani yake, nilihesabu aina kumi na moja na kijani tatu tofauti. Nikaambiwa andika mwongozo mmoja wa mwonekano kila mtu aufuate.

Nikafuata ule ushauri, tena nikaangukia toleo la zamani la Material, lile ambalo maneno ya batani ni herufi kubwa tupu. SUBMIT inakaa vizuri, herufi sita tu. Sasa weka WASILISHA MAOMBI YA MKOPO, pembeni yake kuna GHAIRI, kwenye skrini ya pikseli 320. Neno MKOPO lilishuka chini peke yake, batani ikavimba ikafunika kiasi cha mkopo ambacho mtu anatakiwa akihakiki kabla hajatuma! Na Google wenyewe kwenye toleo la tatu la 2021 walishaachana na hizo herufi kubwa, yani nilikuwa nabeba kitu ambacho mwenyewe ameshakitua.

Nikaanza upya. Safari hii sikusoma mwongozo wowote mwanzo mpaka mwisho, hapo ndo watu wengi wanachoka. Nilichagua kitu kimoja, batani, nikafungua miongozo mitano kwa pamoja: GOV.UK ya Uingereza, ule wa serikali ya Marekani, Carbon ya IBM, Polaris ya Shopify na Material yenyewe. Nikachora safu tano kwenye daftari, kila mmoja nikamwandikia anasema nini na KWA NINI. Hiyo safu ya kwa nini ndo dhahabu, bila hiyo unakusanya picha tu. Nilipomaliza batani nikaenda fomu, kisha ujumbe wa makosa. Gharama ni bando na daftari, basi.

Wa GOV.UK ulinifaa kuliko yote. Unashauri usizimezime batani ikawa kijivu, watu wanachanganyikiwa na maandishi hayasomeki. Halafu wana namna ya kuipa batani uwezo wa kupuuza mbonyezo wa pili ndani ya sekunde 1. Nilipoona hiyo nilisimama kabisa, kwa sababu kwetu mtandao ukiwa mzito mama anabonyeza tena na tena, ofisini yanaingia maombi mawili ya mkopo ule ule. Sekunde moja kwa mtandao wetu haitoshi, kwa hiyo sisi batani inabadilika kuwa "Inatumwa..." na haipokei mbonyezo mwingine mpaka jibu lirudi. Wazo ni lao, kipimo ni chetu. Ila angalia leseni: msimbo wao (code) unaruhusiwa kuutumia, lakini fonti yao ya GDS Transport ni ya tovuti za serikali yao tu, usiibebe.

Kwenye rangi wote watano wanarudi kwenye WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote: utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake uwe 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu cha #999 kwenye nyeupe, ambacho madizaina tunakipenda mno, hakifiki hata 3 kwa 1. Mimi nilitoka na simu nje saa saba mchana, kile kijivu kikapotea kabisa, nikakifuta siku hiyo hiyo.

Walipokubaliana wote watano nilichukua bila kubishana. Walipotofautiana nilienda kuuliza wanachama wenyewe, na ndo wakaniambia "wasilisha maombi" ni lugha ya barua. Batani sasa inasema "Omba mkopo", mstari mmoja, na mwongozo mzima ni kurasa sita.