Kianzio cha Nyumba Uingereza: Lini Hasa Kinatakiwa?

Kabla sijanunua nyumba hapa Leicester nilipewa majibu mawili ya swali hilo, na yote mawili yalitolewa kwa sauti ya mtu asiyependa kubishiwa. La kwanza lilisema kwamba kianzio, yaani sehemu ya bei unayotoa mfukoni mwako huku benki ikikopesha iliyobaki, hutakiwa siku ya kukabidhiwa funguo, kwa hiyo mtu anaweza kuomba mkopo huku akiendelea kudunduliza. La pili lilisema kwamba benki haipokei hata fomu mpaka ishike fedha zote mkononi. Washauri wote wawili, nisiseme kwa kejeli, bado wamepanga.

Ukweli ni kwamba benki haikugusa hata senti moja ya kianzio changu. Ilipotoa barua ya awali ya kusema ingekuwa tayari kunikopesha, haikuomba fedha yoyote. Nilipowasilisha maombi kamili ndipo dalali wa mikopo alipotaka taarifa za akaunti za miezi kadhaa, ionekane kwamba fedha zipo na zimetoka wapi. Kulipa kwenyewe kulikuja baadaye, wakati wa kubadilishana mikataba, hatua ambayo kwa England na Wales ndiyo inayowafunga mnunuzi na muuzaji. Kabla ya hapo kila mmoja anaweza kuondoka. Desturi ni kutoa 10% ya bei, na fedha hizo huwa zimekwisha kuingia katika akaunti ya mwanasheria wako kabla hajabadilisha chochote. Mwenye kianzio cha 5% huomba, kupitia mwanasheria wake, muuzaji akubali hicho hicho. Kwa kuwa changu kilikuwa 10% kamili, chote kilitoka siku hiyo, wakati funguo zilikuwa bado mbali. Uskoti wana utaratibu wao, siusemei.

Hata hivyo, kilichotaka kunikwamisha kilikuwa upatu. Tulikuwa watu 12, wengi wetu wa hospitali na wa nyumba za kulea wazee, kila mmoja akitoa pauni 300 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Mwezi wangu ulipofika, watu 11 waliniingizia kiasi kilekile katika siku mbili za mwisho wa wiki. Mwanasheria alipoiona taarifa ya akaunti akauliza kama hao ni wapangaji wangu. Simlaumu, kwani kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamlazimu kujua fedha za mteja zimetoka wapi. Mwenzangu mmoja wa upatu akanishauri, "Dada, sema ni zawadi, yaishe." Mbali na kuwa ni uongo, zawadi ya kianzio hudai barua ya mtoaji inayosema kwamba si mkopo na kwamba hana haki katika nyumba, pamoja na kitambulisho chake na mara nyingi taarifa ya akaunti yake. Nizikusanye kwa watu 11? Kijumbe wetu angenifukuza.

Kwanza niliandika maelezo marefu, yenye bibi yangu wa Tanga na jinsi alivyocheza upatu na wenzake, maandishi ambayo hadi leo nayaona mazuri sana. Jibu lilikuja kwa adabu zote: je, chombo hicho kimesajiliwa wapi, na namba yake ni ipi?

Hapo nikaacha fasihi nikashika hesabu. Nilichukua taarifa zangu za mwaka mzima, nikapaka rangi kila pauni 300 niliyotuma, kisha nikachora jedwali: mwezi, jina la niliyemtumia, na tarehe aliyonirudishia. Mafungu 11 yalitoka na mafungu 11 yakarudi, pauni 3,300 kwa pauni 3,300, majina yaleyale. Kijumbe akaongeza barua fupi na orodha ya zamu aliyokuwa ameituma WhatsApp tangu mwanzo wa mchezo. Mwanasheria hakuuliza tena. Iliyonisaidia hasa ni ile zamu ya mwisho, kwa sababu kila nilichopokea kilikuwa changu kinachorudi. Ningepokea mwanzoni, fedha hizo zingekuwa deni ninaloendelea kulipa kila mwezi, na benki ingekuwa na haki ya kulihesabu hivyo. Anayewaza nyumba amwombe kijumbe zamu ya nyuma, na kila anapotuma aandike "upatu" katika maelezo ya muamala.

Sehemu nyingine ya kianzio ilikuwa katika Lifetime ISA, akaunti ya akiba ya nyumba ya kwanza au ya uzeeni, niliyoifungua nikiwa nimebakiza miezi michache kutimiza miaka 40, umri ambao mlango wake hufungwa. Serikali huongeza 25% juu ya unachoweka, hadi pauni 4,000 kwa mwaka, mradi akaunti itimize miezi 12 na nyumba isizidi pauni 450,000. Usizitoe mwenyewe: 4,000 iliyokuwa 5,000 itakatwa 25% ya jumla, ubaki na 3,750. Mwanasheria ndiye huziomba, na zinaweza kuchukua hadi siku 30 kufika, kwa hiyo nilimkumbusha mapema hadi nadhani alinichoka.

Siku ya kutuma zilizobaki nilikuta benki yangu ina ukomo wa kutuma kwa siku, nikagawa mara mbili. Namba ya akaunti ya mwanasheria sikuiamini kwa baruapepe, maana matapeli hupenda kujipenyeza hapo hapo. Nilimpigia kwa namba ya simu iliyokuwa katika barua yake ya kwanza, nikatuma pauni moja, akathibitisha, ndipo zikafuata nyingine. Kodi ya ununuzi sikulipa, kwa kuwa ilikuwa nyumba yangu ya kwanza na bei yake haikufika pauni 300,000, lakini mwanasheria, upekuzi wa kumbukumbu za nyumba kwa manispaa na mkaguzi wa nyumba walikula kama pauni elfu tatu hivi, na sehemu kubwa ya hizo ilidaiwa kabla ya kianzio chenyewe.